Alteneta Inaposingiziwa

Alteneta ndiyo inayolilisha gari umeme muda wote injini inapounguruma. Kazi kubwa ya betri ni kuzungusha stata kwa sekunde chache. Injini ikishawaka, taa, feni, wipa, redio, plagi na kompyuta ya injini vyote hula umeme wa alteneta, na betri nayo hurudishiwa kile ilichotoa. Kwa sababu hiyo, alteneta ikifa gari halisimami papo hapo. Huendelea kutembea kwa akiba ya betri, mchana pengine kwa saa nzima, usiku kwa muda mfupi zaidi kwa kuwa taa zina ulaji mkubwa. Kisha taa hufifia, indiketa hupepesa kwa uvivu, injini hukohoa na kuzima. Likibustiwa huwaka, husogea kilomita chache, huzima tena.

Dalili hizo ziko wazi. Tatizo ni hatua zinazofuata. Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki mwenye gari hushauriwa kwanza anunue betri mpya. Betri hiyo ikiisha chaji baada ya siku chache, huambiwa anunue alteneta. Alteneta nayo isipoleta nafuu, ndipo mtu huinama kuukagua mkanda, au kuufuata waya wa ethi ulioliwa na kutu. Mpangilio huo umesimama kichwa chini miguu juu: kilicho ghali hubadilishwa kwanza na kilicho rahisi hukaguliwa mwisho. Kwa gari la umri wa miaka ishirini au thelathini, iwe Corolla AE100, Corolla 110, Land Cruiser ya mfululizo wa 70 au Peugeot 504 kati ya zile zilizosalia, mpangilio unaofaa ni kinyume chake. Kifaa kinachowezesha mpangilio huo ni multimita, ambayo ile ya kawaida huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya betri moja. Gereji inayobadilisha alteneta bila kuwa na multimita inabahatisha kwa fedha za mteja.

Ndani ya alteneta mna rota, yaani sumaku ya umeme inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye puli ya injini. Rota haijitoshelezi kwa usumaku. Hupewa mkondo mdogo wa ampea chache kupitia vipande viwili vya kaboni vinavyosugua pete mbili za shaba. Inapozunguka, usumaku wake hupita mbele ya koili tatu zilizofungwa kwenye ganda la pembeni, na umeme huzaliwa humo. Umeme huo ni mkondo geu, ambao betri haiwezi kuupokea, kwa hiyo hupitishwa kwenye dayodi, aghalabu sita, zinazouruhusu kwenda upande mmoja tu. Regyuleta ndiyo msimamizi: volti zikishuka huiongezea rota mkondo, zikipanda huipunguzia, ili kwenye betri zisomeke kati ya 13.8 na 14.5 hivi, injini iwe inakwenda polepole au kwa kasi.

Kabla ya alteneta magari yalitumia dainamo, iliyotoa mkondo mnyoofu moja kwa moja lakini kwa kiasi kidogo mno injini ilipokuwa katika mwendo wa chini. Dayodi za silikoni zilipoanza kupatikana kwa bei nafuu, Chrysler iliifanya alteneta kuwa kifaa cha kawaida katika gari lake la Valiant la mwaka 1960, na watengenezaji wengine wakafuata kadiri miaka ilivyosonga. Land Rover za mwanzo zilizozunguka katika wilaya na mbuga za Afrika Mashariki zilikuwa bado za dainamo. Baadaye, katika Toyota na magari mengine mengi, regyuleta iliyokuwa kisanduku cha pembeni iliingizwa ndani ya alteneta yenyewe, na hapo ndipo fundi alipopoteza sehemu moja aliyoweza kuipima na kuibadilisha peke yake bila kufungua kitu. Huenda tabia ya kutupa alteneta nzima kwa kosa la kipande kimoja ilianzia hapo.

Kati ya sehemu hizo, inayokwisha mapema ni kaboni, kwa sababu husuguliwa kila sekunde injini inapozunguka. Vitabu vya ufundi vya Toyota za miaka ya 1990 huonyesha kaboni mpya ikichomoza milimita 10.5, na hutaka ibadilishwe ikibaki milimita 1.5. Beringi hufuata, na zenyewe hutangaza mapema kwa mlio wa kukoroma unaopanda na kushuka na mwendo wa injini. Dayodi huuawa na joto, au na mtu aliyefunga betri kwa kupishanisha chanya na hasi. Koili hudumu sana isipokuwa zikiungua, na zikiungua harufu yake haimchanganyi mtu yeyote aliyewahi kuinusa.

Mambo mawili huharakisha vifo hivyo katika barabara za huku. La kwanza ni uchafu: vumbi, tope, oili inayovuja kutoka juu ya injini na kudondokea alteneta iliyo chini yake, na zaidi ya yote ile desturi ya kuosha injini kwa pampu ya maji yenye nguvu. Alteneta ina matundu ya kupitisha hewa ya kuipoza. Maji yakisukumwa humo hubeba mchanga hadi kwenye kaboni na beringi. La pili ni mzigo. Alteneta ya ampea 70, kipimo cha kawaida kwa gari dogo la miaka ile, hutoa chini kidogo ya wati 1,000 ikiwa katika kasi nzuri. Taa kubwa mbili za mbele peke yake hula zaidi ya wati 100. Matatu inayofungwa amplifaya kubwa, skrini na taa za mapambo hudai zaidi ya ilivyoandaliwa, na katika foleni, injini ikizunguka polepole, alteneta haifikii hata kile kipimo kilichoandikwa ubavuni. Hapo hakuna kilichoharibika. Hesabu tu haikupigwa.

Uchunguzi huanzia kwenye dashibodi, kwa taa ndogo yenye picha ya betri. Swichi inapofunguliwa, umeme hutoka upande wa betri, hupita kwenye balbu hiyo na kwenda kwenye alteneta ambayo bado imelala; taa huwaka. Alteneta ikianza kuzalisha, volti za pande mbili za balbu hulingana, hakuna mkondo unaopita, taa huzima. Kwa hiyo taa inayowaka kabla ya stata na kuzima injini ikiwaka inatoa habari njema. Inayobaki imewaka injini ikiunguruma inasema alteneta haizalishi. Inayowaka kwa mbali, kama mshumaa unaoisha, huashiria dayodi iliyokufa au kiungo cha waya kinachozuia umeme.

Hali inayopuuzwa ni ile ya nne: taa isiyowaka kabisa, hata swichi ikiwa imefunguliwa na injini haijawashwa. Madereva wengi huifurahia, wakidhani hakuna tatizo. Kumbe huenda balbu imeungua, fyuzi imekatika, soketi imechomoka au kaboni zimekwisha. Katika alteneta nyingi za zamani, hasa za Ulaya, ule mkondo mdogo wa balbu ndio unaoiamsha rota. Balbu ikiungua, alteneta nzima isiyo na kasoro hukaa kimya hadi injini ikanyagwe sana, au haiamki kabisa. Zipo alteneta zilizopelekwa kwa wauza vyuma chakavu kwa kosa la balbu ya dashibodi.

Baada ya taa hukaguliwa mkanda, na hili hufanywa injini ikiwa imezimwa. Mkanda uliopasuka kwa ndani, uliolowa oili au unaong'aa pembeni kwa kuteleza hauwezi kuizungusha alteneta inapobeba mzigo. Mlio wa kupiga kelele unaosikika asubuhi gari linapowashwa, au taa na feni zinapowashwa pamoja, ni wa mkanda unaoteleza. Ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu, mkanda hulegea takriban milimita 10. Ukilegea zaidi huteleza. Ukikazwa kupita kiasi huua beringi za alteneta na za pampu ya maji. Katika magari mengi ya zamani mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo taa ya betri ikiwaka ghafla safarini na mshale wa joto ukaanza kupanda, mkanda umekatika, na gari lisimamishwe pale pale kabla hedi ya silinda haijapinda.

Kisha betri. Hupimwa baada ya kupumzika saa kadhaa, vizuri zaidi asubuhi kabla ya kuwashwa gari. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 ni nusu hivi. Chini ya 12 imekwisha. Stata ikizungushwa, volti zisishuke chini ya 9.6 au karibu na hapo. Betri inayosoma 12.6 ikipumzika lakini ikaporomoka hadi 7 stata inapoguswa imekufa ndani, na hakuna alteneta itakayoifufua. Kinyume chake ni muhimu vilevile: betri iliyoisha chaji haimaanishi betri mbovu. Ikichajiwa kwa chaja kwa usiku mmoja kisha ikapita jaribio la stata, haina kosa; imekuwa ikifa njaa tu.

Kipimo kinachoamua huja injini ikiwa inawaka. Waya za multimita huwekwa kwenye vichwa vya betri, injini ikikanyagwa kidogo kufikia mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika. Ikisomeka kati ya 13.8 na 14.5, alteneta inachaji. Kisha huwashwa taa kubwa, feni ya ndani na wipa. Volti zikishuka kidogo na kutulia juu ya 13, mzigo unabebeka. Zikibaki 12 na ushei huku zikipungua polepole, betri ndiyo inayolisha gari peke yake. Zikipanda juu ya 15, regyuleta imeshindwa kazi, au waya unaoipa habari za betri umekatika. Kuchaji kupita kiasi huonekana kwa namna yake: maji ya betri hukauka haraka, vichwa hufunikwa na unga mweupe, balbu huungua moja baada ya nyingine. Mwenye gari hulaumu balbu za bei rahisi.

Multimita ikigeuzwa upande wa mkondo geu na kuwekwa hapo hapo kwenye betri, hufichua jambo lingine. Alteneta nzima huacha mawimbi madogo tu. Yakizidi nusu volti, dayodi moja au zaidi imekufa. Gari la namna hiyo husumbua kwa sababu mchana hutembea vizuri, volti zake huonekana karibu na za kawaida, lakini usiku wenye mvua, taa na wipa zikidai haki yao, betri huanza kuliwa. Dayodi iliyopitisha shoti huweza pia kuvujisha umeme wa betri kurudi kwenye alteneta gari likiwa limelala. Betri hukutwa tupu alfajiri, na alteneta huwa ya vuguvugu hata saa kadhaa baada ya injini kuzimwa, wakati kila kitu kingine kimepoa. Gari lililozimwa halipaswi kuvuta zaidi ya sehemu ndogo ya ampea, yaani miliampea 50 au chini yake.

Nyaya ndizo zinazosahauliwa kuliko vyote, na katika gari kuukuu ndizo za kushukiwa mapema. Umeme hutoka kwenye boliti kubwa ya alteneta kwenda chanya ya betri, na hurudi kupitia bodi ya injini na waya wa ethi. Kiungo kimoja chenye kutu kwenye njia hiyo hula volti kimyakimya. Namna ya kukipata ni kupima volti kati ya boliti ya alteneta na kichwa chanya cha betri, injini ikiwa inawaka na taa zikiwa zimewashwa: zisizidi 0.3. Kisha kati ya ganda la alteneta na kichwa hasi: zisizidi 0.2. Kipimo kikiwa volti nzima au zaidi, kosa liko kwenye waya, na alteneta yoyote itakayofungwa itafanya vibaya vilevile. Katika maeneo ya pwani, Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa yenye chumvi hula chuma mfululizo, kusafisha viungo vya ethi kwa msasa na kuvikaza upya ni kazi ya kufanywa kabla ya kuwaza spea. Katika njia hiyo hiyo, Toyota nyingi huwa na fyuzi kubwa, mara nyingi ya ampea 80 au 100, iliyokazwa kwa skrubu ndani ya kisanduku cha fyuzi. Hukatika mtu anapobusti kwa kupishanisha nyaya. Ikikatika, alteneta huzalisha lakini umeme hauifikii betri.

Kuna jaribio moja lililoenea kuliko multimita, nalo ni kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka. Gari likizima, fundi hutangaza kwamba alteneta imekufa. Likiendelea, huipa afya njema. Jaribio hilo linapaswa kukomeshwa katika kila gereji, la kisasa na la chini ya mwembe. Betri, mbali na kuhifadhi umeme, humeza mishtuko ya volti katika mfumo mzima. Ikiondolewa ghafla wakati alteneta inaisukumia mkondo mkubwa, rota haiwezi kupoteza usumaku wake papo hapo, na volti huruka hadi makumi kadhaa kabla regyuleta haijazishusha. Dayodi, regyuleta na kompyuta ya injini hazikutengenezwa kwa kishindo hicho. Katika gari la dainamo na kabureta mchezo huo ulipita salama mara nyingi, na pengine ndiko desturi ilikotoka. Katika Corolla ya sindano za mafuta huweza kugharimu kompyuta yenye bei kubwa kuliko alteneta mbili. Na hata usipoharibu kitu, hauthibitishi lolote. Alteneta iliyopoteza dayodi moja huweza kuendeleza injini bila betri na bado ikashindwa kubeba taa usiku.

Jaribio la bure lisilo na hatari lipo. Injini ikiwa imezimwa na swichi imefunguliwa hadi taa za dashibodi kuwaka, bisibisi ya chuma huwekwa karibu na puli au nyuma ya alteneta penye beringi. Ikivutwa, rota inapata mkondo, maana yake kaboni zinagusa na nyaya zinazoingia ni nzima. Isipovutwa hata kidogo, mkondo haufiki: kaboni zimekwisha, regyuleta imekufa au fyuzi imekatika. Kugonga ganda la alteneta kwa upole kwa mpini wa mbao nako husaidia. Ikianza kuchaji baada ya kugongwa, kaboni zimenasa kwenye njia yake au zimebakia nchani. Hiyo ni njia ya kufikia nyumbani, si matengenezo.

Vipimo vikithibitisha kwamba alteneta ndiyo yenye kosa, swali linalofuata ni kipi ndani yake. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kaboni na regyuleta za alteneta za Denso, Bosch, Hitachi na Mitsubishi hupatikana peke yake katika maduka ya spea ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na soko la Kisekka jijini Kampala. Beringi huuzwa kwa namba iliyochorwa ubavuni mwake. Fundi umeme anayejua kazi yake hufungua kifuniko cha nyuma, hupima ukinzani wa rota, ambao kwa alteneta nyingi za Toyota ni karibu ohmu 3, hukagua kama pete za shaba zimechimbika, hubadilisha kaboni na kufunga. Pete zikiwa nyororo na koili hazijaungua, matengenezo hayo huipa alteneta miaka mingine mingi. Kubadilisha nzima kunastahili pale koili zilipoungua, ganda lilipopasuka, pete zilipokwisha, au makosa yalipokuwa matatu kwa pamoja.

Anayelazimika kununua huwa na njia mbili: mpya au ya mtumba. Mpya za bei rahisi, zenye jina maarufu lililobandikwa juu ya ganda lisilojulikana, mara nyingi huwa na shaba nyembamba na dayodi dhaifu. Ya mtumba iliyotoka na injini yake Japani, kisha ikafungwa kaboni na beringi mpya, kwa kawaida ni ununuzi bora zaidi kwa gari la umri huo. Sharti ni kuikagua dukani. Puli izungushwe kwa mkono: ikizunguka kwa ulaini bila kukwaruza wala kuyumba, beringi ziko sawa. Inuswe kwenye matundu. Ilinganishwe na ile ya zamani, ambayo mnunuzi anatakiwa aende nayo mkononi, kwa masikio ya kufungia, idadi ya mifereji ya puli, kipenyo cha puli, umbo la soketi na ampea. Katika soketi ya Toyota yenye pini tatu, herufi IG, S na L humaanisha swichi, waya wa kupima volti za betri, na taa ya dashibodi. Soketi ya umbo tofauti iliyounganishwa kwa kukata na kusokota waya ni chanzo cha matatizo ya mwaka ujao. Muuzaji mwenye mashine ya kupimia na anayekubali kurudishiwa ndani ya siku chache anastahili bei ya juu kidogo.

Magari ya dizeli yana onyo lake. Katika Hiace zenye injini ya 3L, nyuma ya alteneta imefungwa pampu ya vakyumu inayosaidia breki, nayo hulainishwa kwa oili ya injini. Alteneta isiyo na pampu huweza kuingia na kuchaji vizuri kabisa, huku kanyagio la breki likiwa gumu na gari halisimami. Bomba la oili likifungwa vibaya, injini humwaga oili barabarani. Tena baadhi ya Land Cruiser za dizeli kutoka Japani ni za volti 24, na kibandiko cha alteneta husomwa kabla ya kulipa.

Kazi ya kubadilisha yenyewe si ndefu. Kwa Toyota nyingi za miaka ya 1990, spana namba 10, 12 na 14 hutosha. Hatua ya kwanza, isiyorukwa hata kwa kazi ya dakika tano, ni kufungua kichwa hasi cha betri. Boliti kubwa ya alteneta imeunganishwa na betri wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Spana ikiigusa huku ikigusa bodi, cheche zake huweza kuyeyusha chuma na kuchoma mkono. Nyaya hupigwa picha kwa simu kabla ya kuguswa. Soketi huchomolewa kwa kubonyeza kishikizo chake, si kwa kuvuta waya, kwa kuwa plastiki ya umri huo huvunjika kirahisi. Nati ya waya mkubwa hufunguliwa baada ya kuvuta kifuniko chake cha mpira.

Boliti ya kukazia na ile ya mhimili, ambayo alteneta huzungukia, hulegezwa kwanza bila kutolewa. Kisha boliti ndefu ya kurekebishia hufunguliwa hadi mkanda ulegee na kuvuliwa. Mkanda ukishatoka huwa ni upuuzi kuurudisha ukiwa na nyufa. Boliti zikitolewa, alteneta hutoka, wakati mwingine kwa kutafutiwa pembe kati ya bomba la rejeta na chuma cha fremu, au kwa kupitishwa chini ya gari. Boliti ya mhimili iliyoganda kwa kutu hupewa mafuta ya kulegeza na muda. Kuilazimisha huvunja sikio la alumini.

Inayoingia hufungwa kwa mpangilio wa kurudi nyuma. Boliti zote huingizwa kwa mkono kwanza, mkanda huvalishwa ukikaa sawasawa kwenye mifereji yote ya puli, hukazwa kwa boliti ya kurekebishia hadi kufikia kipimo cha kidole gumba, kisha boliti ya mhimili na ya kukazia hukazwa kabisa. Sehemu alteneta inapogusana na injini husafishwa kwa brashi ya waya, kwa kuwa hapo ndipo ethi yake inapopita. Nati ya waya mkubwa hukazwa vizuri na kufunikwa na mpira wake. Ikilegea hupata joto na kuunguza waya. Kichwa hasi cha betri hurudishwa mwisho.

Betri iliyokwisha kabisa haiachiwi alteneta mpya iijaze. Alteneta ikilazimishwa kutoa mkondo wake wote kwa muda mrefu, hasa katika foleni na joto la mchana, hupata joto ambalo dayodi hazilipendi, na zipo mpya zilizokufa wiki ya kwanza kwa sababu hiyo. Betri huchajiwa kwa chaja kwanza. Kisha injini huwashwa, taa ya dashibodi hutazamwa ikizima, na vile vipimo vya mwanzo hurudiwa vyote: volti bila mzigo, volti na mzigo, mawimbi ya mkondo geu, na tofauti kwenye waya wa chanya na wa ethi. Namba hizo huandikwa pamoja na tarehe katika daftari la gari ili zilinganishwe baadaye. Mkanda ukiwa mpya hutanuka baada ya kilomita mia chache za mwanzo, kwa hiyo hukaguliwa na kukazwa mara moja zaidi.